Bolti Kwenye Magunzi

Qurus, Karatu
3 Juni 1984

Kwa mpwa wangu Lukresia,

Kabla hujasoma mbele, keti kwanza. Barua hii inatoka kwa mtu ambaye asipoamka asubuhi ya Jumatatu, Kreta ya Ngorongoro haifunguliwi. Wapo watakaokuambia inafunguliwa na askari wa geti. Waulize hao askari wanakula kabichi ya nani. Waulize na wazungu wa hoteli ya kule ukingoni, ambao tangu mpaka wa Kenya ufunguliwe wanarudi kama siafu, viazi vyao vinapandishwa na Landrova ya nani. Halafu ukae kimya usikie wakitaja jina.

Sisi hatujambo. Mke wangu Katarina, Mama Patrisi wako, anakusalimu na anauliza kama huko Dar es Salaam mnakula samaki kila siku kama paka. Baridi imeingia. Mahindi tumevuna, magunia yamejaa mpaka kuku wamekosa pa kulala. Mama yako Lusia nilimkuta kanisani, amenenepa, akaniambia wewe umekonda. Sijui amekuona wapi.

Sasa jambo lenyewe. Umeniandikia kwamba mwalimu wenu wa bati ametoa kazi moja kubwa: kila mwanafunzi achore paa la gari, lile la kuvuliwa, aliunde kwa bati kwa ukubwa mdogo, na mwezi wa kumi alitetee mbele ya watahini. Atakayeshindwa haendelei mwaka wa mwisho. Umesema darasani mko ishirini na mmoja na msichana ni wewe tu. Ukaniomba nikupimie paa la Landrova yangu, urefu na upana, "ukipata nafasi, Mjomba."

Urefu na upana! Mtu akitaka kujua ng'ombe ana nini ndani, hampimi mgongo. Nimelifungua lote.

Jumamosi niliita majirani wanane. Bolti nilikuwa nimezilegeza mwenyewe tangu alfajiri, thelathini na nne, na kila niliyoitoa niliichomeka kwenye gunzi la hindi, gunzi nikaliandika namba kwa mkaa, nikalipanga kwenye tenga. Hayo ni maarifa ambayo hata huko chuoni hamjafundishwa. Kisha wanaume wakashika pembe zote, Mzee Qamara akahesabu, paa likanyanyuka na kuta zake na vioo vyake, likatua nyuma ya nyumba kama banda zuri la mbuzi.

Sasa kumbuka, paa la Landrova hii ni mawili. Liko la chini, halafu juu yake liko jingine limekaa kama kofia, na katikati pana nafasi ya kupitisha kiganja, ili jua lipige la juu na la chini libaki baridi. Unaukumbuka ule mvumo tukipanda mlima? Miaka yote nawaambia abiria, "Tulieni, huo ni upepo unapita kati ya mapaa." Nilipobandua kofia, Lukresia, walitoka nyuki! Wanaume wanane niliwaona migongo tu. Mzee Qamara, ambaye magoti yanamuuma tangu mwaka wa uhuru, aliruka uzio wa minyaa bila kuugusa. Tulipata asali sufuria mbili. Nyuki hao wameiona Kreta mara nyingi kuliko waziri yeyote.

Ilipofika jioni watu wakauliza pombe iko wapi. Mzee Qamara akiwa na jicho moja limevimba akasema, "Hapana. Hapa kwetu pombe hunywewa paa likipanda. Likishuka, watu huenda makwao." Wakakubali, lakini kila mmoja aliondoka akinitazama. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Wiki mbili tu, nitakuwa nimelijua paa lote, na litakuwa limepanda.

Mjomba wako anayelindwa na Mungu,
Martini


Dar es Salaam
1 Julai 1984

Mjomba Martini, shikamoo. Shikamoo pia Mama Patrisi. Mwambie samaki tunawaona Ijumaa, na siku nyingine ni maharage kama ya kwake, ila yake yana ladha.

Mimi mzima. Joto la huku linanifanya niikumbuke baridi ya Qurus hata ile ya kukamua ng'ombe. Sabuni imeadimika, tunafulia majani ya mpapai. Mama asiwe na hofu, sikukonda.

Mjomba, nilicheka barua yako mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniomba nimsomee. Lakini sikukuambia ulifungue! Sasa utapandaje Ngorongoro na ukungu ule?

Kwa kuwa limeshafunguka, naomba mambo mawili. La kwanza ni vipimo vya kila kipande, na mahali ilipokaa kila bolti. La pili ni swali ambalo mwalimu ametuuliza na hakuna aliyemridhisha: bati la paa ni jembamba kuliko sahani, kwa nini basi mtu akipanda juu halizami? Mwalimu anasema asiyejua hilo hajui bati, anajua mkasi tu.

Usichelewe, Mjomba. Siwezi kukueleza yote, ila usichelewe.

Mpwa wako,
Lukresia


Qurus, Karatu
22 Julai 1984

Mpwa wangu Lukresia,

Tuko salama. Katarina amepata mafua, kosa ni la kwangu kwa sababu alinisindikiza hotelini kwa gari lisilo na paa. Kule ukingoni ukungu ulikuwa mzito hata kabichi zilifika zimeoshwa. Mimi niliendesha nimefunga blanketi, mwavuli ameushika yeye. Watalii walitupiga picha. Sasa uso wangu uko Ulaya.

Pamoja na barua hii nimetuma kifurushi. Usishangae ukikuta kamba. Futi yangu ilikatika siku nyingi, imebaki kuanzia tisini, na dukani hakuna. Nimepima kwa kamba za katani, kila kipande cha paa na kamba yake, kila kamba na kikaratasi chake. Penye bolti nimefunga fundo. Fundo moja ni bolti fupi. Mafundo mawili yaliyoshikana ni bolti ndefu. Nilipofunga uzi mwekundu wa Katarina ni pale chuma kinapokutana na alumini, na kila mahali hapo nimekuta mpira, na mpira ulipooza nimekuta unga mweupe, alumini inaliwa kama jino bovu. Nimegundua mwenyewe, hakuna aliyenionyesha.

Sasa swali la mwalimu wako. Nimelijibu kwa makalio.

Alikuja rafiki yangu Senteu, yule Mmasai wa Nainokanoka tunayebadilishana naye mahindi na mbuzi. Alilikuta lile paa la kofia chini kwenye nyasi, akakaa katikati. Bati likazama, po! Akaruka. "Ero, Martini! Nyumba yako inapumua!" Nikamwambia akae pembeni, palipokunjwa. Akakaa. Kimya. Nikakaa na mimi. Kimya. Tukamwita Katarina, akasema ana kazi. Lakini bati ni lilelile, Lukresia! Unene ni uleule. Nikalichungulia: limekunjwa ukingoni, likakunjwa tena, na katikati chini yake zimepita mbavu, nazo si vyuma vinene, ni bati tu lililokunjwa kama mfereji.

Fanya hivi. Shika karatasi hii ya barua kwa ncha moja. Inalala, siyo? Sasa ikunje katikati, uishike tena. Imesimama. Nani ameiongezea unene? Hakuna. Nguvu iko kwenye mkunjo. Mwambie mwalimu wako hivyo, na umwambie nani amesema.

Kuta za paa bado ziko nyuma ya nyumba. Senteu amemwacha ng'ombe wake mmoja kwetu maana alikuwa anakaribia kuzaa, akazaa jana, na ndama ameingia mle ndani, anatazama nje kwa kioo kama mkuu wa wilaya. Senteu anasema tusimsumbue kwanza. Kwa hiyo paa linangoja ndama. Mzee Qamara anapita kila jioni, anakohoa tu.

Ni mimi,
Martini, Fundi Mkuu


Dar es Salaam
26 Agosti 1984

Mjomba, shikamoo. Pole kwa Mama Patrisi kwa mafua, natumaini yameisha. Hongera kwa ndama.

Kifurushi chako kimefika wiki iliyopita, mwezi mzima njiani. Nilikifungua bwenini mbele ya wenzangu. Zikatoka kamba, Mjomba, zenye mafundo, na nyuzi nyekundu, na vikaratasi vyenye maandishi ya mkaa. Bwenini hakubaki mtu! Mmoja alipitia dirishani. Matroni alikuja na chupa ya maji ya baraka, akaniuliza ni nani nyumbani ananichukia. Nilimsomea barua yako, akakaa kitandani kwangu akacheka mpaka akajimwagia maji yale.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Tangu mwezi wa tano mwalimu alikuwa ameshaniandikia nihamie darasa la ushonaji. Alisema bati linataka kifua. Fomu ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi yangu tu, na mimi nilikuwa nimechukua kalamu. Nikamwomba aningoje mpaka mtihani.

Jumatatu nilizitandaza kamba zako sakafuni karakana, moja moja, zikawa umbo la paa. Wavulana walikuwa wanapita wakiniuliza kama nafuma wavu. Mwalimu akaja akasimama. Akatazama mafundo. Akapiga goti, akapima kwa futi yake kutoka fundo hadi fundo, akanyanyuka, akaondoka. Jioni nikaiona ile fomu imekunjwa chini ya mguu wa meza yake uliokuwa unayumba.

Nimechora. Mchoro uko karibu kuisha. Lakini mwalimu amesema mchoro si wa kweli mpaka mtu mwingine, ambaye hakukuona ukichora, aweze kuunda kwa huo. Watahini wataniuliza.

Mama ameniandikia kwamba alikuona njia ya Kansay na mwavuli. Mwezi wa nane, Mjomba! Ulisema wiki mbili. Paa limepanda?

Lukresia


Qurus, Karatu
9 Septemba 1984

Mpwa wangu Lukresia,

Salamu nyingi. Hali ya hewa ni nzuri. Ndama anaendelea vizuri, amepewa jina la Dereva. Ngano ya mwaka huu ukiiona kule Daa utadhani ni bahari, upepo ukipita inainama yote. Padri amebadilisha saa ya misa. Mbwa wetu amezaa watoto sita, wanne wana madoa. Mama yako mzima. Shingo ya Mzee Qamara inamsumbua, labda ni kwa sababu ya kugeukageuka kutazama nyuma ya nyumba za watu.

Nimefurahi sana kuhusu hiyo fomu. Ushonaji! Wewe uliyebomoa redio ya padri ukiwa darasa la tatu? Mwalimu huyo nikimwona nitamsalimia kwa mkono mmoja.

Juu ya mambo mengine, kila kitu kiko sawa. Mtu akiuliza mambo ya paa, mwambie Mjomba anaendelea na utafiti. Paa ni kitu cha kufikiriwa. Haraka haraka ndiyo iliyoharibu mambo mengi hapa nchini.

Mjomba Martini

Lukresia, ni mimi Katarina. Amenipa barua nibandike stempu, nimeisoma. Hawezi kukuambia, basi nakuambia mimi. Magunzi yale ya bolti niliyachoma. Kuni zilikuwa zimelowa, nina maharage jikoni, nimeona tenga la magunzi makavu mlangoni. Nani anaweka bolti kwenye magunzi? Nilichota jivu nikasikia linalia kama kengele. Bolti tumezipata zote thelathini na nne, ila nyeusi tii, na namba zimekwenda na moshi. Ni wiki tano sasa anazipanga kwenye meza na kuzipangua, ananiambia anazichagua. Hali chakula vizuri. Mvua za vuli zikija kabla paa halijapanda, hoteli itatafuta gari jingine, wamemwambia hivyo. Wewe umesoma. Msaidie, lakini usimwambie nimesema.


Dar es Salaam
27 Septemba 1984

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimefurahi kwa habari za Dereva na watoto wa mbwa. Mimi mzima. Watahini wanakuja Ijumaa tarehe 26 Oktoba.

Nina shida na ni wewe tu unaweza kunitoa. Nimekueleza kwamba mchoro lazima ujaribiwe na mtu ambaye hakuniona nikichora. Hapa wote wameniona. Nakuomba, Mjomba, ufanye kama umesahau kila kitu kuhusu paa lako. Jifanye hujui hata bolti moja inakwenda wapi. Najua itakuwa vigumu kwa mtu kama wewe, lakini jitahidi.

Mchoro ni huu niliouambatisha. Nimeutoa kwenye kamba zako, nikauhesabu. Doa moja ni bolti fupi, ziko ishirini na mbili. Madoa mawili ni ndefu, ziko kumi na mbili, nne mbele juu ya kioo, nane kwenye pembe. Namba hazihitajiki. Zipange kwa urefu tu, kila moja itajua kwake.

Jambo moja zaidi. Huenda bolti hizo za zamani zimepoteza rangi yake ya kuzuia kutu, kwa uzee tu. Chuma kitupu kikigusana na alumini ule unga mweupe utarudi. Chukua chubu, mpira wa ndani wa tairi lililokufa, ukate vidude vya duara, uweke kimoja chini ya kila kichwa cha bolti. Na ukate ukanda mrefu wa kulalia paa juu ya kuta.

Likikaa, nijulishe kwa simu ya maandishi kabla ya tarehe 26. Lisipokaa nijulishe vilevile, maana itakuwa kosa ni la kwangu, siyo lako.

Mpwa wako,
Lukresia


SIMU YA MAANDISHI
KARATU 22 OKT 1984

LUKRESIA PAA LIMEKAA BOLTI ZOTE MVUA IMEPIGA HALIVUJI MCHORO NI WA KWELI MJOMBA BINGWA


Qurus, Karatu
22 Oktoba 1984

Mpwa wangu Lukresia,

Nimetoka posta sasa hivi. Yule karani wa simu ni mtu mwenye roho ngumu, alinikatia maneno. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, akasema, "Mzee, hii ni simu, siyo Injili." Kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

Nilijifanya nimesahau, kama ulivyoniomba. Nilijifanya vizuri sana. Hata Katarina aliamini.

Jumamosi watu walifika kabla sijawaita. Mzee Qamara alikuja na kibuyu chake, amekifunga kiunoni kama askari na bunduki. Katarina alikuwa amepika pombe ya siku nne, mapipa mawili, na aliyaweka mahali ambapo kila anayenyanyua ayaone. Senteu alimtoa Dereva mle ndani kwa kumwimbia, maana alikuwa hataki kuhama nyumba. Tukapiga deki.

Mchoro wako nilimpa binti wa mwalimu wa shule, Seenoi, asome kwa sauti. Nilitaka mtu mgeni kabisa na mambo ya magari. "Mbele, juu ya kioo, madoa mawili, nne." Nikaweka ndefu nne. Zikaingia. "Ukutani kulia, doa moja moja, saba." Fupi saba. Zikaingia! Kila ikiingia watu wanaitikia "Eee!" kama kwenye harusi. Bolti ya ishirini na tisa ikakataa. Mzee Qamara akatazama mapipa, akanitazama mimi, akatazama mapipa. Seenoi akasema, "Mzee, mchoro unaonyesha hapo pana mpira kwanza." Nilikuwa sijauweka. Nikauweka, matundu yakalingana. Ikaingia kama ufunguo.

Tulipokaza ya thelathini na nne, wingu lilikuwa limeshashuka kutoka msituni. Mvua ikapiga, ya kwanza ya vuli. Watu walikimbilia wapi? Ndani ya Landrova! Kumi na mmoja, na kibuyu, na Dereva. Tukakaa mle tukitazama juu, tukisubiri tone. Dakika tano. Kumi. Mzee Qamara akapitisha kidole kwenye mshono wote, akakiangalia, akakilamba. "Kikavu," akasema. Nakuambia walivyopiga kelele, hata hoteli walisikia. Pombe ilinywewa humohumo, kwa kupitishiana kibuyu, na paa juu likipigwa kama ngoma.

Leo asubuhi nimepeleka viazi. Mpishi mkuu alitoka nje mwenyewe, akalipiga paa kwa ngumi, akasema Jumatatu ijayo nilete na karoti.

Ijumaa hiyo tutawasha mshumaa. Simama wima.

Mjomba


Dar es Salaam
28 Oktoba 1984

Mjomba na Mama Patrisi, shikamooni!

NIMEPITA!

Ngoja nipumue niandike vizuri. Watahini walikuwa watatu. Waliligeuza paa langu dogo juu chini, wakalibonyeza, wakaniuliza lile swali la bati jembamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kitabu, Mjomba, nikasimama pale yote yakaniruka. Nikatoa barua yako ya Julai mfukoni. Nikaishika kwa ncha, ikalala. Nikaikunja, nikaweka juu ya mkunjo spana ndogo, ikakaa. Nikasema, "Hakuna aliyeiongezea unene."

Mtahini mzee akaomba kuiona karatasi. Akaisoma, yote, kwa sauti! Hadi pale ulipojibu swali kwa makalio. Mwalimu wangu aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mzee yule akauliza, "Na mchoro huu umejaribiwa na nani?" Nikatoa simu yako. Akasoma "MJOMBA BINGWA" mara mbili, akaandika alama, akanipa mkono.

Mwaka wa mwisho naingia, darasa la bati. Mwalimu amesema kamba zibaki ukutani karakana, wanafunzi wazione.

Nakuja nyumbani likizo. Nitafika Karatu kwa basi la Arusha Jumamosi tarehe 8 Desemba, mchana. Naomba jambo moja tu: uje unichukue stendi na Landrova, nilione paa kwa macho yangu kabla sijaona mtu yeyote.

Lukresia, fundi bati


Qurus, Karatu
18 Novemba 1984

Kwa fundi wangu Lukresia,

Barua yako imesomwa kanisani baada ya matangazo. Mama yako alilia, akacheka, akalia tena, halafu akasema alijua. Katarina amekuwekea maharage mapya na asali yote ya sufuria ya pili, hajaruhusu mtu kuigusa. Senteu anasema Dereva ni wako, lakini atabaki kwake, wewe utakuwa mwenye ng'ombe kwa jina mpaka ujenge. Mzee Qamara ameomba umchoree paa la nyumba yake, na ameshauliza pombe itapikwa lini.

Kuhusu watahini kuisoma barua yangu, sijaona aibu. Mtu mkubwa husomwa.

Nitakuja kukuchukua. Nimeshaiosha Landrova mara tatu, Jumamosi yenyewe nitaiosha ya nne. Lakini nakuomba, usishukie stendi. Mwambie kondakta akushushe kabla ya mji, pale kwenye uwanja mpana wa magari ya ngano. Nitafika hapo, nitazunguka taratibu, utapanda, tutaondoka.

Utaniuliza kwa nini. Ningeweza kukuambia stendi pana vumbi. Nilikuwa nimeshaandika hivyo, nikakata, tazama hapo juu wino ulipochafuka. Wewe umenitoa kwenye shimo bila kunionyesha kwamba umeona shimo. Usidhani sikujua. Bolti hazipotezi rangi kwa uzee tu, Lukresia. Basi na mimi nikupe kitu cha kweli.

Stendi ile ukiingia kwa mbele, kutoka ni kinyumenyume. Yule mzungu wa shamba la ngano aliyeniachia gari hili alinifundisha kuwasha, kwenda mbele, na kusimama. Siku aliyosema atanifundisha kurudi nyuma ndiyo siku aliyopanda ndege. Ni mwaka wa kumi na mbili huu. Hotelini nazunguka tangi la maji. Hapa nyumbani nazunguka nyumba, na ndiyo maana maharage ya Mama Patrisi upande wa mashariki hayajawahi kustawi.

Anajua yeye peke yake, na sasa wewe. Mwalimu wako asijue.

Mjomba wako,
Martini